Kila Hatari na Mtu Wake: Usalama wa Watoto Kambini Wakati wa Likizo Kubwa

Likizo kubwa ikianza, parokia, misikiti, vikosi vya maskauti na vyama vya vijana jijini Bujumbura huandikisha watoto wa kambi. Baadhi hulala katika madarasa ya shule zilizofungwa, wengine hupandishwa milimani, na wengi hupelekwa angalau siku moja ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mzazi wa Buyenzi au Bwiza hulipa ada, humfungia mwanawe shuka, sabuni na kandambili, kisha humuaga. Kuhusu chakula na malazi huuliza mengi. Kuhusu hatari huuliza moja tu: "Mtawaangalia vizuri?" Hujibiwa ndiyo, akarudi nyumbani.

Jibu hilo halitoshi. Alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025, Mto Guadalupe wa Texas, Marekani, ulifurika ukaingia Camp Mystic, kambi ya wasichana iliyokuwepo tangu 1926. Watoto na walezi wao 27 walifariki. Siku mbili kabla ya hapo mkaguzi wa serikali alikuwa amepita na kuandika kwamba kambi ina mpango wa dharura. Karatasi ilikuwepo, na maji yalikuja vilevile.

Mpango huokoa pale ambapo kila hatari ina mtu wake anayejulikana kwa jina, naye ameshaifanyia mazoezi kazi yake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kambini, walezi kumi wakiambiwa "angalieni maji", kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Makala haya yanapitia hatari za kambi za hapa kwetu, na yanaeleza nani afanye nini.

Kabla ya kulipia ada

Mzazi ana haki ya kuuliza, na msimamizi mwema hatakasirika. Uliza haya:

- Msimamizi mkuu ni nani, na akitoka anamwachia nani?
- Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Kipimo kizuri ni watoto 8 kwa mlezi mmoja kama wana miaka 6 hadi 8, na watoto 10 kama wana miaka 9 hadi 14. Siku ya kwenda majini, idadi hiyo ipungue kwa nusu.
- Nani amefunzwa huduma ya kwanza? Msalaba Mwekundu wa Burundi una watu wa kujitolea wenye ujuzi huo. Kambi inaweza kuomba mafunzo mapema.
- Kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, na usiku kinafunguliwa?
- Gari la dharura ni lipi? Kwa miaka ya karibuni tumezoea foleni za mafuta. Gari lililoegeshwa bila mafuta halimfikishi mtoto hospitalini. Tangi lijazwe kabla ya kambi na lisiguswe kwa shughuli nyingine.
- Likitokea jambo, nani atanipigia simu?

Nawe mzazi toa habari kamili. Andika kwenye kadi ya mtoto jina, umri, namba mbili za simu za watu wawili tofauti, dawa anazotumia, chakula kinachomdhuru, na maradhi kama pumu, kifafa au selimundu. Usione haya kuandika kifafa au kukojoa kitandani. Linalofichwa ndilo humdhuru mtoto usiku wa manane. Andika pia kama anajua kuogelea, na utie saini ya kuruhusu atibiwe kwa dharura. Kadi moja ikae kwa msimamizi, nakala yake ikae ndani ya gari.

Ziwani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya thuluthi moja yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Ziwa letu ni la pili kwa kina duniani, takriban mita 1,470. Isitoshe, kiangazi ndicho kipindi ambacho upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Maji yaliyotulia asubuhi huweza kubadilika kabla ya chakula cha mchana.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, pumzi haitoshi kuita, na kwa mbali huonekana kama anayecheza. Kwa hiyo mlinzi wa maji awe na kazi hiyo moja tu: hapigi soga, hashiki simu, hagawi chakula. Abadilishwe kila nusu saa kwa sababu macho huchoka, na asiondoke mpaka anayempokea aseme kwa sauti, "Maji ni yangu."

Watoto waingie wawili wawili, kila mmoja na pacha wake wa maji. Filimbi ikilia, mapacha washikane mikono na kuinyanyua, wahesabiwe. Fanyeni hivyo kila baada ya dakika 15. Sehemu ya kuogelea izungushiwe kamba yenye vidumu vitupu, na mwisho wake uwe pale maji yanapofika kiunoni mwa mtoto mfupi kuliko wote.

Kumbukeni wenyeji wengine wa ziwa. Viboko hutoka majini kula majani jua linapotua, na hapa Bujumbura huonekana hata karibu na barabara za ufukoni. Mamba hupenda midomo ya mito, hasa upande wa Rusizi. Basi msiogelee kwenye mdomo wa mto wowote, na saa kumi jioni watoto wote wawe wameondoka ufukoni.

Akizama mtoto, asiyejua kuokoa asijitose, maana wawili huzama pamoja. Mrushie kamba, au kidumu cha lita 20 kilichofungwa vizuri. Akishatolewa na akawa hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpe pumzi mbili, na rudia mpaka apumue au mhudumu afike. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hata akizinduka, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Usingizi na moto

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha huko Nyeri, Kenya, liliungua, na wavulana 21 wakafariki. Sisi nasi tunakumbuka soko kuu la Bujumbura lilivyoteketea tarehe 27 Januari 2013. Darasa linalogeuzwa chumba cha kulala huwa na mlango mmoja, madirisha ya nondo, magodoro ya sponji na vyandarua: vitu vinavyoshika moto haraka.

Chagueni chumba chenye njia mbili za kutokea. Mlango usifungwe kwa kufuli kutoka nje hata kwa dakika moja. Kama mnaogopa wezi, wekeni mlinzi. Umeme ukikatika, tumieni tochi, mishumaa ibaki nyumbani. Kambi za milimani zina hatari nyingine: baridi huwashawishi watu kuingiza ndani jiko la makaa, imbabura tunayoijua sote. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua waliolala bila kuwaamsha. Imbabura isilale ndani na watoto.

Mtoto akiungua, mwagieni jeraha maji safi ya kawaida kwa dakika 20, kisha lifunikeni kwa kitambaa safi. Msipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Mito na mahali pa kambi

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ilishusha maji na matope kwenye mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, na zaidi ya watu 60 wakafa. Aprili 2020 Mto Rusizi ulifurika Gatumba na kuwahamisha maelfu. Julai ni kavu, lakini kambi za Krismasi na Pasaka huangukia mvua. Msilaze watoto karibu na kingo za mito ya Ntahangwa, Muha au Kanyosha, kwani udongo wa kingo hizo humomonyoka. Chagueni mapema mahali pa juu pa kukimbilia, na mwende huko kwa miguu pamoja na watoto siku ya kwanza.

Maradhi

Kipindupindu hurejea mara kwa mara kandokando ya ziwa na bonde la Rusizi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na sabuni iwe chooni na jikoni. Mtoto akiharisha, aanze mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kuhara maji matupu na kutapika ni safari ya hospitali.

Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wa mpox, na watoto wameathirika sana. Mwenye vipele na homa abaki nyumbani. Kambini, kila mtoto awe na godoro, shuka na taulo vyake. Mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, asipewe tu dawa ya maumivu na kulazwa.

Mtoto na mtu mzima

Kuna hatari isiyotoka ziwani wala mtoni, nayo huwa na sura ya mtu tunayemwamini. Kanuni yake ni fupi: mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, asimwogeshe peke yake, asilale naye kitanda kimoja, asimwambie atunze siri. Mwambie mwanao kabla hajaondoka: "Mtu akikugusa vibaya, kosa si lako. Niambie, nitakuamini." Mtoto anaweza pia kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto iitwayo Yaga Ndakumva. Aliyedhulumiwa afikishwe kwa wahudumu ndani ya saa 72. Kituo cha Seruka hapa Bujumbura kipo kwa kazi hiyo.

Likitokea

Gaweni kazi tano kabla ya siku ya kwanza, kila kazi na jina lake:

1. Mmoja anamhudumia aliyeumia.
2. Mmoja anawakusanya wengine na kuwahesabu.
3. Mmoja anapiga simu za dharura. Namba za polisi, za zimamoto na za hospitali zibandikwe ukutani, na zipigwe kabla ya kambi ili kuhakikisha zinapokelewa.
4. Mmoja anaendesha gari, jingine halimhusu.
5. Mmoja anampigia mzazi na kumwambia ukweli, kisha anaandika saa na yaliyotendeka.

Mtoto akipotea karibu na ziwa, tafuteni majini kwanza, ndipo mtafute kwingine.

Jioni ya kwanza, kabla ya nyimbo, pulizeni filimbi mara tatu. Watoto wakimbilie mahali palipochaguliwa, wahesabiwe kwa majina. Wakichelewa, rudieni. Usiku wa pili fanyeni tena gizani, kwa tochi. Watoto huupenda mchezo huo, na mwili hukumbuka ulichokizoea hata akili inapopigwa na hofu.

Mzazi mwenzangu, kabla hujamkabidhi mwanao, uliza: "Nani anaangalia maji?" Ukijibiwa "sisi sote", mrudishe nyumbani mpaka wakupe jina.