Mzee Aliyebeba Fimbo za Wageni

Mjomba,

Mimi ni kifungua mimba katika watoto wanne. Baba yetu ana miaka 67. Kwa miaka 31 aliongoza wageni kuvua trauti katika mito ya Nyeri: Gura, Chania, Thego, Ragati. Aliwabebea fimbo za kuvulia, akawafungia flai kwenye mshipi, akawashika mkono wakivuka mawe, akawapiga picha na samaki wao. Albamu yake imejaa picha hizo na yeye hayumo hata katika moja.

Tangu tukiwa wadogo anatusimulia samaki wa mito ya Himalaya aitwaye mahsiri. Habari zake alizipata kwa wageni, na katika kitabu cha Jim Corbett alichoachiwa na mmoja wao. Sisi watoto tumechanga kwa miaka miwili, mimi nikiwa huku Doha kwenye kazi ya hoteli, na sasa fedha zinatosha kumpeleka siku kumi, mimi naye. Tulitaka iwe siri mpaka siku ya kumkabidhi tiketi.

Mama amegundua na amekasirika. Anasema magoti ya mzee yamekwisha, tangi la maji limepasuka, halafu tunampeleka Uhindi, kwenye baridi ya theluji, akavue samaki na kumrudisha majini. "Hata harufu hatutaletewa," anasema. Mdogo wangu wa kiume naye sasa anataka mchango wake urudi.

Mjomba, tuache? Na tusipoacha, twende mto gani, mwezi gani? Nimezungumza na wenye kambi wanne na wote wana picha nzuri. Nitajuaje nani si tapeli?

Binti wa Mwongozaji, Doha

Mpwa wangu,

Msiache. Ila siri hiyo ivunjeni leo hii.

Unaniuliza mimi jinsi ya kumjua mwongozaji wa kweli, na nyumbani kwenu yuko mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka 31. Mtu pekee katika ukoo wenu mwenye jibu ndiye mnayemficha. Mpeni simu awahoji wale wanne mwenyewe. Awaulize yale aliyotamani wageni wake wamuulize yeye, na hawakumuuliza.

Nasema hivi kwa sababu mimi nimeliwa. Zaidi ya miaka 20 iliyopita nilimsindikiza dada yangu Delhi kwa matibabu. Alipopata nafuu nikaapa siondoki nchi ile bila kutia ndoana majini. Nikamlipa wakala mmoja fedha zote mkononi, safari ya siku nne, mwisho wa mwezi wa Juni. Tulipofika, mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, unateremsha magogo. Wakala alilijua hilo, na ndiyo maana bei ilikuwa rahisi. Kijana niliyepewa aniongoze alichutama ukingoni, akachovya kidole, akakitazama, akanitazama mimi, kisha akaenda kuinjika chai. Siku ya tatu ndipo aliponiambia kwamba mgeni asipovua, yeye halipwi. Kumbe ndiyo maana kila asubuhi alikuwa akinisihi nitupe mshipi kwenye tope lile. Nikautupa, kumsitiri.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzee liwe hilo: mto ukichafuka, kijana wenu analipwa? Mwenye kambi anayelipa hata siku isiyovuliwa hamlazimishi mtu wake kumdanganya mgeni.

Mengine baba yako anayajua hata usingizini. Mwongozaji mmoja ana wavuvi wangapi? Wakizidi wawili, huyo ni mchunga watoto wa shule. Yeye mwenyewe ni nani, na mto huo ameukalia misimu mingapi? Mzee azungumze naye huyo, si karani wa ofisi ya Delhi. Kibali cha kuvua kimetolewa na idara gani, na kwa kipande gani cha mto? Hospitali iliyo karibu ni mwendo wa saa ngapi, na kambini kuna gari linalolala hapo usiku?

Kuhusu picha zao nzuri, wewe usimtazame mvuvi anavyocheka. Tazama samaki ameshikwaje. Akiwa ananing'inizwa kwa matamvua, au amelazwa juu ya changarawe kavu, pita. Akiwa bado majini mpaka mgongoni, na mikono iliyomshika inachuruzika maji, mpigie simu mwenye picha. Arbuni mlipe ndogo, iingie kwenye akaunti yenye jina la kampuni, na salio lilipwe mkishafika.

Sasa mwezi. Hapa sisi watu wa pwani tuna la kuwaambia watu wa Nyeri. Kusi, pepo ileile inayofunga bahari yetu katikati ya mwaka, ikishavuka ikweta hupinda kuelekea Bara Hindi na kumwaga mvua zake kwenye kuta za Himalaya, kuanzia Juni hadi Septemba. Miezi hiyo mito hufura na kuwa tope, na mahsiri hupanda vijito vidogo kwenda kutaga. Usimfuate huko. Anavuliwa kabla ya kusi, tangu mwisho wa Februari hadi Mei, na baada yake, Oktoba na Novemba maji yakishatulia. Nahodha wa jahazi angekwambia uvue tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu. Kwa mzee wenu ningechagua Machi: Mei bonde linawaka jua, na baada ya Novemba maji yanapoa mno, samaki anazubaa.

Na hiyo baridi ya theluji mama aitoe moyoni. Neno Himalaya limemdanganya. Mahsiri ni samaki wa mabonde ya chini, na mahali nitakapowatajia pako chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Nyeri uko kwenye mita 1,700 na kitu. Mzee anateremka, hapandi. Atakachohitaji ni kofia.

Mito iko mingi. Kuna Karnali huko Nepal, kuna Ramganga, kuna Siang mashariki kabisa katika jimbo la Arunachal, ambako mgeni hudaiwa kibali maalumu cha kuingia na kambi mara nyingi huhamishwa kwa maboti ya mpira. Kwa magoti ya miaka 67, huko mashariki sahauni. Mimi ningempeleka Mahakali, mto unaogawa Uhindi na Nepal, mahali paitwapo Pancheshwar, ambapo mto Saryu unaingia. Mahakali unashuka na maji ya barafu, ya kijivu. Saryu unakuja safi. Mito hiyo miwili husafiri bega kwa bega kitambo kabla ya kuchanganyika, na pale kwenye mshono wa rangi ndipo mahsiri hujibanza kuvizia vidagaa. Mvuvi husimama ukingoni, hana haja ya kuvuka. Mnakwenda kwa treni kutoka Delhi hadi Tanakpur au Kathgodam, kisha gari la milimani, kona juu ya kona, karibu siku nzima. Mchukulie mzee ndimu za kunusa.

Nina sababu nyingine ya kupachagua hapo. Pancheshwar iko wilaya ya Champawat. Baba yako akilisikia jina hilo ataacha kikombe mezani. Ndiko Corbett alikomwua chui milia wa kwanza katika wale walao watu, mwaka 1907, jike lililosemekana kuua watu 436. Corbett alizaliwa Nainital mwaka 1875, akahamia Kenya 1947, akafa Nyeri 1955, na kaburi lake liko kwenye kanisa la Mtakatifu Petro palepale mjini kwenu. Yeye alitoka kwenye mito ya mahsiri akaja kufia kwenye mito ya trauti. Mzee wenu anakwenda njia hiyohiyo kinyumenyume, ila yeye atarudi.

Tena msiahirishe mwaka hadi mwaka. Tangu mkataba wa 1996 kati ya Uhindi na Nepal, upo mpango wa kujenga hapohapo Pancheshwar bwawa la umeme lenye ukuta wa zaidi ya mita 300. Mpaka sasa ni makaratasi, lakini makaratasi ya serikali mbili si ya kuchezea.

Mwambieni mzee ukweli mmoja atakaoumeza kwa shida: mahsiri si trauti. Trauti wa Gura, ambaye naye ni mgeni, mbegu yake ikiwa imeletwa kutoka Uingereza mwaka 1905, hukupa nafasi mara kadhaa kwa asubuhi. Kwa mahsiri unaweza kutupa mshipi siku tatu hujaguswa. Akija, anakuja kama mtu aliyeteremka kwenye matatu inayotembea. Huchukua flai na kugeuka kufuata mkondo, na mshipi unatoka kwenye rili ukipiga kelele. Mwenye kuubana, kidole chake kinakatwa, mshipi wenyewe unakatika. Samaki wa kuzidi kilo 20 yumo. Fimbo ya Nyeri, namba 4 au 5, itavunjika. Huku ni namba 8 hadi 10, na kwenye rili pawe na uzi wa akiba usiopungua mita 150. Fimbo nzito huchosha bega, kwa hiyo miezi miwili kabla ya safari azoee kuitupa uwanjani, kila jioni robo saa.

Flai asinunue hata moja. Azifunge mwenyewe, aina ya kidagaa, ndefu kama kidole cha kati, rangi ya dhahabu na kijani cha zeituni, na nyingine nyeusi kwa alfajiri. Ndoana ziwe za waya mnene. Mahsiri hana meno mdomoni, meno yake yako kooni, na taya lake hunyoosha ndoana nyembamba kama kibanio cha nywele. Na kile kijino cha nyuma cha ndoana akibinye kwa koleo kiishe, samaki atoke bila kuchanika. Viatu viwe vyenye soli ya kushika mawe, na mkononi awe na mkongojo. Ataukataa. Mwambie ni sheria ya kambi. Zaidi ya hayo, huko juu, kwenye tawimto la Dhauliganga, kuna kituo cha umeme, na maji yakifunguliwa mto hupanda mchana kweupe bila wingu. Waulize kambini wanapataje taarifa.

Makaratasi nitayapitia upesi. Viza ya Uhindi ombeni mtandaoni kwa tovuti ya serikali yenyewe. Mzee anatoka Kenya, kwa hiyo cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Asiye nacho huweza kuwekwa karantini, na likizo yako ikaishia hapo. Bima ya safari iseme wazi kwamba inalipa helikopta. Na wewe uliye Ghuba usishawishike kununua simu ya setilaiti eti kwa usalama wa baba: Uhindi imeipiga marufuku bila kibali, na wageni wamewahi kukamatwa nayo uwanja wa ndege.

Nimemweka mama mwisho kwa kuwa yeye ndiye mgumu.

Anauliza samaki wa kumrudisha ana faida gani. Kwa swali hilo jibu lipo. Mahsiri wa dhahabu yuko katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Amemalizwa na mabwawa, baruti na sumu ya kuvulia. Kumrudisha ndiyo sharti la kuruhusiwa kumgusa. Huko huko Uhindi, kwenye hekalu la Baijnath, mahujaji huwatupia mahsiri chakula mtoni na hakuna athubutuye kuwavua. Mama akiona picha za samaki wale wakigombea chakula hicho ataelewa mara moja.

Lakini mpwa wangu, mama haulizi samaki. Miaka 31 mumewe alikuwa mtoni kila mwisho wa wiki na kila sikukuu, kwa kuwa ndizo siku za wageni. Nani alibaki na nyinyi wanne? Sasa mzee amestaafu, na watoto wale wale wamechanga miaka miwili kumrudisha mtoni, wala mama hakuulizwa hata neno. Ningekuwa mimi ningevunja vyungu. Hilo la tangi ni njia yake ya kusema hayo bila kuyasema.

Piga simu, zungumza naye peke yake, usimtume mdogo wako. Omba radhi kwanza, ndipo useme habari za tangi. Tangi litengenezwe kabla ya arbuni kulipwa, hata kama safari itapungua kutoka siku kumi hadi saba. Siku zitakazobaki za kuvua kwenye makutano yale zinatosha. Kisha muulize yeye anataka kwenda wapi, na mchango wa mwaka ujao uwe wake kwa jina. Akisema anataka kwenda Pancheshwar naye akae kivulini, mkatieni tiketi bila kushangaa. Na huyo mdogo wako mrudishie fedha zake, tena bila maneno. Atakuja kuziomba zirudi kwenye chungu siku picha zitakapofika, safari hii mzee akiwa ndani yake.

Jambo dogo la mwisho la kumwambia mzee. Asubuhi ya kwanza kambini ataamka kabla ya wote, atakunja mishipi, na atataka kubeba mkoba wake na wako. Amwachie kijana mwongozaji. Bakshishi msimpangie kiasi. Hesabu hiyo hakuna aijuaye nyumbani kwenu kumshinda yeye.