Taa ya dagaa ikigoma, anzia kwenye betri

Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi ya dagaa inapumzika ufukweni, kuanzia Igombe hadi Ukerewe. Dagaa hawafuati taa wakati ziwa zima linang'aa. Basi hizo ndizo siku zako za kutengeneza taa. Usisubiri giza lirudi ndipo ugundue, uko katikati ya maji, kwamba taa mbili hazina nguvu.

Karabai ilikuwa na visa vyake vya mafuta na presha. Taa za LED zina adabu zaidi, ila zikigoma watu hukimbilia dukani. Tulia kwanza. Mara nyingi taa ni nzima, ubovu uko kwenye betri, waya au maungio. Fuata umeme kuanzia unakotoka.

Tafuta mita, hata ya bei rahisi. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20.

Pima betri ikiwa imepumzika saa chache baada ya chaji. Betri ya asidi ya volti 12 ikijaa husoma karibu 12.7. Kwenye 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imeisha, na ukiiacha hivyo mpaka giza lirudi utaiua. Sasa washa taa zote, pima tena. Ikiporomoka papo hapo hadi 11, betri imechoka. Betri za lithiamu zina namba zake, usizipime kwa hizi.

Ukiona unga mweupe kwenye vichwa vya betri, fungua waya wa hasi kwanza. Sugua kwa mswaki wa zamani, maji ya moto na bekingi soda. Kausha, piga msasa, kaza, paka grisi.

Sasa njoo kwenye waya, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Taa zikiwa zimewaka, pima volti kwenye betri, halafu pima kule mwisho, taa inapoungwa. Betri ikisoma 12.4 na taa ikipata 10.9, volti moja na nusu imeliwa njiani. Pima kila ungio mpaka ujue inapopotelea. Mkono nao unasaidia: ungio bovu huwa la moto.

Likate ungio hilo. Chubua waya uone shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani, maji yameshapenya ndani ya plastiki, kwa hiyo kata tena, na tena, mpaka ufikie shaba inayong'aa. Sokota, choma kwa risasi, ndipo ufunge tepu. Tepu peke yake haizuii maji ya ziwa, hata ukiizungusha mara ishirini.

Angalia pia unene wa waya. Taa tatu za wati 20 zinavuta ampea 5. Ukizilisha zote kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 wenye urefu wa mita 10, unapoteza zaidi ya volti 3 kwenda na kurudi. Tumia wa 1.5 au zaidi.

Taa inapepesa? Iwashe, kisha tikisa waya polepole kuanzia kwenye betri. Pale inapocheza ndipo penye kasoro.

Fyuzi ikae karibu na betri, upande wa chanya. Kwa taa hizo tatu, ya ampea 7.5 inatosha. Ikikatika, tafuta shoti. Usiweke kipande cha waya mahali pake. Na ile tabia ya kugusanisha nyaya uone cheche, iache kabisa. Una dumu la petroli la injini humo humo mtumbwini! Kama unavua mbali, huko Ukara au Kome, beba fyuzi za akiba.

Yote yakiwa sawa, ndipo uishuku taa. Hakikisha chanya na hasi hazijageuzwa, kwa sababu LED haiwaki kinyume. Kioo kikiwa na ukungu ndani, fungua, anika kivulini, funga upya kwa silikoni na uiache ikauke siku nzima.

Kisha ijaribu. Ikiwa imezimwa na imepoa, izamishe kwenye beseni la maji ya moto kiasi. Hewa ya ndani hutanuka, hivyo kama kuna tundu utaona viputo. Vikitoka, itoe haraka kabla haijapoa, la sivyo itavuta maji ndani. Tia alama pale vilipotokea, kausha, ongeza silikoni.