KIINGEREZA CHA SOKO: 'Mediocre' si 'medium'

Neno 'mediocre' (hutamkwa 'midi-oka') huonekana mara kwa mara katika taarifa za biashara, na wengi hulidhania kuwa ni 'medium'. Asili yake ni Kilatini: 'medius', katikati, na 'ocris', mlima wa mawe. Yaani aliyefika nusu ya mlima. Abiria wa Mombo aliyelipa nauli ya Lushoto akashushwa Soni ataelewa upesi.

Zamani lilimaanisha wastani tu, bila lawama. Leo ni kitu hafifu, kisichofikia kilichotarajiwa, ingawa hakijaharibika.

Katika mnada wa chai wa Mombasa, 'medium' ni daraja linalotambulika, juu ya 'lower medium' na 'plainer'. Chai ya Usambara ikiitwa 'medium', mwenye mzigo ana pa kusimamia. Mnunuzi akisema 'mediocre', anatafuta punguzo. Mfanyabiashara wa mapeasi ya Lushoto anayeandikia hoteli barua ya bei, akitaka kusema 'ya kawaida', atumie 'average'. 'Mediocre' ni kujishusha bei mwenyewe.

Kwa wenye hisa, 'mediocre results' si lazima iwe hasara. Huenda kampuni imepata faida, ila ndogo kuliko ilivyotazamiwa.