Namba za Stakabadhi Zisizoruka wala Kujirudia

Yeyote anayeandika programu ya kutoza ushuru wa mifugo hapa Isiolo, ambako mbuzi, ng'ombe na ngamia huletwa sokoni kutoka Merti, Garbatulla na Oldonyiro, hachelewi kukutana na sharti la mkaguzi wa hesabu: namba za stakabadhi zifuatane, isikosekane hata moja wala isijirudie, maadamu pengo katika mfululizo humtia shaka kwamba kuna fedha iliyofichwa.

Njia inayokimbiliwa na wengi ni kuiuliza hifadhidata namba kubwa iliyopo, kisha kuongeza moja. Karani akiwa peke yake, mambo huenda. Wakibonyeza wawili kwa pamoja, mmoja langoni na mwenzake penye zizi la ngamia, wote husoma 412 na wote huandika 413. Wengine hutegemea kihesabu kinachokuja na PostgreSQL, ambacho kwa hakika hakirudii namba, ila kikishaitoa hakiirejeshi hata muamala ukibatilishwa. Hicho nakitumia kwa vitambulisho vya ndani, ambavyo mkaguzi hana haja navyo.

Kwa stakabadhi, mimi huunda jedwali dogo liitwalo kihesabu, lenye mstari mmoja kwa kila kituo na kila mwaka, na ndani ya muamala uleule utakaoandika stakabadhi hutanguliza amri hii:

UPDATE kihesabu SET namba = namba + 1 WHERE kituo = 'MERTI' AND mwaka = 2025 RETURNING namba;

Amri hiyo huufunga mstari wa Merti, hata karani wa pili akija hungoja mpaka wa kwanza amalize kwa COMMIT, ndipo asome thamani mpya; na muamala wa kwanza ukibatilika, namba hurudi mahali pake pasibaki pengo, ilhali karani wa Oldonyiro, mwenye mstari wake, hamngoji mtu. Hayo ni katika daraja la kawaida la utengano wa miamala, READ COMMITTED. Ukipanda hadi REPEATABLE READ, anayengoja aghalabu hupewa kosa badala ya namba, na programu haina budi kuanza muamala upya.

Hadhari kubwa ni muda wa kufuli. Nimeona programu ikichukua namba, halafu ikimpelekea mfugaji ombi la M-Pesa na kumngoja aingize PIN, naye simu iko kwa mwanawe, na foleni nzima ya malori imesimama kwa ajili ya mstari mmoja uliofungwa! Malipo yathibitishwe kwanza, ndipo muamala ufunguliwe, namba itolewe, stakabadhi iandikwe, muamala ufungwe. Kuchapa na kutuma ujumbe kuje baadaye. Stakabadhi iliyokosewa isifutwe, bali iandikwe batili, namba yake ibaki. Weka pia sharti la upekee juu ya kituo, mwaka na namba, asije mwingine akaipitia amri yako kando.

Kabla hujaipeleka sokoni, fungua madirisha mawili ya psql, anza muamala katika la kwanza na uitoe amri ile bila kumaliza, kisha uitoe katika la pili, nalo sharti likwame. Ubatilishe ule wa kwanza, na wa pili lazima upate namba ileile.