Kutakata na kutakasia: kitenzi kilichosimamisha mchezo wa bao

1. Utangulizi

Siku moja ya likizo, hapa Lubumbashi, sisi marafiki sita tulicheza bao kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Kila mmoja alikutana na kila mwenzake, jumla michezo 15, kwa ubao mmoja. Nilikuwa na daftari, kwa sababu nilitaka kuandika maneno ya wachezaji. Katika makala hii ninachambua jozi moja tu, kutakata na kutakasia, kwa kuwa ugomvi mkubwa wa siku ile ulitokana nayo. Ninadai kwamba katika mchezo usio na kitabu cha sheria mezani, mofolojia ya kitenzi hubeba sheria yenyewe.

2. Mchezo na msamiati wake

Bao la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji ana mistari miwili. Hatua ya kwanza ni namu, ambapo tunaingiza kete za mkononi moja moja. Zikiisha, tunaingia mtaji. Aliye na nafasi ya kula lazima ale. Asiye nayo anatakata, yaani anasambaza kete zake bila kula hata moja katika zamu ile. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha: mchezaji amelala. Aliyemaliziwa kete za mstari wa mbele ameshindwa.

Mchezo huu si mgeni kwa watafiti. Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 utafiti juu ya michezo ya jamii hii katika Zaire, Rwanda na Burundi, naye Alexander de Voogt aliandika mwaka 1995 juu ya umahiri wa mabingwa wa bao. Kwetu, hata hivyo, tunapocheza dame maneno karibu yote ni ya Kifaransa. Tunapocheza bao, Kiswahili hakina mpinzani.

3. Ugomvi

Ulikuwa mchezo wa 13, kati ya wawili waliokuwa wakiongoza. Mkubwa wao, mzaliwa wa Kalemie, alifundishwa bao na babu yake. Mdogo wake alijifunza kwetu. Mkubwa alicheza bila kula, akasema: «Natakata.» Mdogo akashika kete za shimo lililokuwa hatarini ili azikimbize. Hapo tukasikia:

(1) «Acha ile! Nilikutakasia.»
(2) «Haina vile, yaya! Ulisema tu ‘natakata’.»

Sheria ni hii. Katika mtaji, nikitakata na kumwacha mwenzangu bila nafasi ya kula, huku natishia kula shimo lake moja tu, haruhusiwi kucheza kutoka shimo hilo. Haimhusu ikiwa shimo ni nyumba yake, au ndilo pekee la mbele lenye kete, au ndilo pekee la mbele lenye zaidi ya kete moja. Tulihesabu ubao: masharti yote yalitimia. Lakini mdogo alishikilia neno alilosikia, na wenzetu wawili wakamuunga mkono. Karibu nusu saa hakuna aliyecheza.

4. Uchambuzi

Takata ni kitenzi kisicho na yambwa: kuwa safi. Kikinyambuliwa katika hali ya kutendesha, t inageuka s, tunapata takasa. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata takasia, na sasa kitenzi kinamhitaji mtu: ni-li-ku-takasia. Anayesema «natakata» anaeleza zamu yake mwenyewe. Anayesema «nimekutakasia» amemtia mwenzake ndani ya kitenzi, na pia amemfunga ubaoni.

Mwanafunzi aliyezoea mifano ya darasani, kama «nimekupikia», angedhani kwamba anayetakasiwa anapata faida. Kumbe ni hasara, kama katika «ameniibia simu». Kiambishi kinamtaja anayeguswa na tendo. Ikiwa ni kwa wema au kwa ubaya, muktadha ndio unaoamua.

Je, ni neno linalomfunga mpinzani, au ni hali ya ubao? J. L. Austin, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alitufundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Mdogo alilichukua kutakasia hivyo: lisiposemwa, halijatendeka. Kwa mkubwa, neno linataja tu kifungo ambacho kete zimeshakifunga. Kwa sheria ya bao, mkubwa ana haki. Lakini mdogo hakuwa mdanganyifu: sisi tuliomfundisha tulitangaza kila mara, naye akajifunza sheria kwa masikio.

Tuliamua kete zirudishwe, na kuanzia hapo kila mmoja aseme wazi anapotakasia. Mdogo akacheza shimo jingine, akashindwa. Wawili hawa hawakusemezana mpaka tulipokaa kula bukari.

5. Hitimisho

Kamusi inayosema tu kwamba takasa ni kusafisha haitoshi kumwamulia mtu mchezo. Maana tuliyoitafuta ilikuwa kwa wazee wa Kalemie na kwingineko wanaocheza, na wengi wao hawakuiandika popote. Ninawaalika wenzangu wa kitivo wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wakae kando ya ubao na daftari. Waandike kitenzi kizima, pamoja na viambishi vyake, pamoja na jibu la mpinzani. Wakiacha kiambishi kimoja, wameacha sheria.