Kuunganisha majina bila kuharibu hesabu
Somo kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi



Mavuno ya mahindi yakiisha, vikundi vingi hukaa chini kugawana akiba na faida ya mikopo. Huo ndio wakati daftari linafunguliwa mbele ya watu wote. Siku hizi kando ya daftari huenda kukawa na laptopu, na ndani yake jedwali la hesabu: mistari iliyolala, safu zilizosimama, na pale zinapokutana kuna kisanduku cha kuandikia. Vitabu vya shule huliita lahajedwali. Sisi hapa tutasema jedwali tu.

Kitu hiki si kipya. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu ya VisiCalc, ya kwanza ya namna hii kwa kompyuta ndogo. Walichofanya ni kuhamisha karatasi ya mhasibu na kuiweka kwenye kioo. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983, na Excel ikapewa mwaka 1993 lugha ya makro ambayo inatumika hadi leo. Kwa hiyo mama mweka hazina anayejua kupiga mistari ya daftari kwa rula asiogope. Nusu ya kazi anaijua tayari.

Majina matatu, kisanduku kimoja

Tuseme katibu ameandika orodha ya wanachama hivi: safu ya A jina la kwanza, B jina la kati, C jina la ukoo, D namba ya kitambulisho, E namba ya simu, F akiba. Hiyo ni njia nzuri. Lakini ofisi ya maendeleo ya jamii au Sacco ikitaka orodha, mara nyingi inataka jina kamili mahali pamoja. Sasa katibu afanyeje?

Wengi hukimbilia kitufe kilichoandikwa "Merge & Center". Unachagua visanduku vitatu, unabonyeza, vinakuwa kimoja. Hapo ndipo watu huumia. Kinachobaki ni maandishi ya kisanduku cha kwanza peke yake. Ikiwa A2 ni Rose, B2 ni Nekesa na C2 ni Wafula, utabaki na Rose tu, na wale wengine wawili wamefutwa. Kompyuta hutoa onyo, ni kweli, lakini onyo liko kwa Kiingereza na mtu mwenye haraka hubonyeza OK. Tena, baadaye ukitaka kupanga orodha kwa alfabeti, visanduku vilivyomezana hivyo vitakuzuia. Kitufe hicho kitumieni kwa kichwa cha karatasi, pale juu penye jina la kikundi na mwezi. Kwa orodha ya watu, hapana.

Njia salama ni kuandika katika safu mpya, tuseme G2, fomula hii:

=TRIM(A2&" "&B2&" "&C2)

Alama ya & ndiyo inayounganisha. Zile alama za kunukuu zenye nafasi katikati ndizo zinazotenganisha majina. Ukizisahau utapata RoseNekesaWafula. Neno TRIM linaondoa nafasi ya ziada, kwa mfano mtu akiwa hana jina la kati. Ukiisha andika, vuta fomula chini mpaka kwa mwanachama wa mwisho. Majina ya zamani yanabaki pale pale katika A, B na C. Usiyafute, maana fomula inayasoma kila siku. Ukiondoa safu hizo, G itajaa #REF! kutoka juu mpaka chini.

Lakini jina kamili pekee halimtambulishi mtu, na sisi huku tunalijua hilo kuliko watu wa mjini. Wabukusu humpa mtoto jina la majira aliyozaliwa: Nekesa na Wekesa wakati wa mavuno, Nafula na Wafula wakati wa mvua, Nanjala na Wanjala wakati wa njaa kabla ya mavuno, Nasimiyu na Simiyu wakati wa kiangazi. Kikundi cha akina mama 30 kitakosaje kuwa na Rose Nekesa wawili? Kwa hiyo popote jina linapokwenda, namba ya kitambulisho iende nalo. Msimtafute mtu kwenye jedwali kwa jina peke yake na kumwandikia pesa.

Sura ya namba na thamani yake

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea bila mwizi.

Kisanduku kina mambo mawili: kile kilichomo, na vile kinavyoonekana. Ukiandika 12500 halafu ukakiamuru kionyeshe mkato, utaona 12,500, lakini ndani bado ni namba ile ile na inajumlishwa. Lakini ukiandika kwa mkono 12,500/= kama tulivyozoea kwenye risiti, kompyuta inaona maneno, si namba. Fomula ya SUM inayaruka maneno kimya kimya, haikuambii kitu.

Tufanye hesabu. Wanachama watatu wana akiba ya 12,500, 8,000 na 4,500. Jumla ni 25,000. Faida ya kugawana ni 5,000, yaani senti 20 kwa kila shilingi. Wa kwanza apate 2,500, wa pili 1,600, wa tatu 900. Sasa katibu aliandika ya yule wa tatu 4,500/=. SUM itasema 20,500. Wa kwanza atapewa 3,049, wa pili 1,951, na 5,000 yote imekwisha. Kwenye mstari wa yule wa tatu patatokea #VALUE!, na kama hakuna anayejua maana yake, mtu atasema ati ni mashine imekataa. Mashine haijakataa. Pesa zake zimegawiwa wenzake wawili.

Simu nayo ina ugonjwa wake. Ukiandika namba inayoanza na 07 au 01, jedwali linaitoa sufuri ya mbele, kwa kuwa kwa hesabu sufuri hiyo haina maana. Kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007 na sasa ndiyo njia ya vikundi vingi, sufuri hiyo ina maana sana. Wengine wameandika kwa 254, wengine +254. Bahati nzuri, tarakimu tisa za mwisho ni zile zile kwa namna zote. Chukua hizo tisa, weka sufuri mbele, umemaliza.

Makro yenyewe

Makro ni orodha ya maagizo unayoiandikia kompyuta mara moja, halafu kila ukiiita inafanya yote kwa mfuatano. Ni kama karatasi unayompa mtoto ukimtuma dukani: ataleta kilichoandikwa, hata kama ulikosea kuandika. Kwa orodha ya mara moja, fomula inatosha. Sioni haja ya makro. Lakini kama kila mwezi unapokea orodha na kuipanga upya, makro itakuokolea jioni nzima.

Kwenye kompyuta yenye Excel bonyeza Alt na F11, fungua Insert, chagua Module, uandike hivi bila kubadilisha nukta:

Sub PangaOrodha()
Dim i As Long
Worksheets("Wanachama").Activate
For i = 2 To 31
Cells(i, 7).Value = Application.Trim(Cells(i, 1).Value & " " & Cells(i, 2).Value & " " & Cells(i, 3).Value)
Cells(i, 8).NumberFormat = "@"
Cells(i, 8).Value = "0" & Right(Replace(Cells(i, 5).Value, " ", ""), 9)
Next i
Columns(6).NumberFormat = "#,##0"
End Sub

Maana yake ni rahisi. Nenda kwenye ukurasa uitwao Wanachama. Anzia mstari wa 2 mpaka wa 31, yaani watu 30. Katika safu ya saba, ambayo ni G, weka jina kamili. Safu ya nane iwe ya maandishi, ili sufuri isitolewe, kisha weka humo namba ya simu iliyosafishwa. Mwisho, onyesha akiba kwa mikato. Angalieni kwamba agizo hili la mwisho haliwezi kuponya 4,500/=. Hiyo lazima mtu aifute na kuandika 4500. Kuendesha makro ni Alt na F8. Faili ihifadhiwe kwa aina ya .xlsm; ukiihifadhi kama .xlsx ya kawaida, makro haibaki ndani.

Mstari unaotaja Wanachama msiuache. Bila huo, makro inafanya kazi kwenye ukurasa wowote uliofunguliwa wakati huo. Kama ni ukurasa wa mikopo, safu za G na H zitaandikwa majina na simu juu ya madeni ya watu, na Ctrl na Z, ambayo hurudisha nyuma makosa ya kawaida, hairudishi kazi ya makro. Ndiyo maana kabla ya kuendesha, nakala ya faili iwekwe pembeni kwa jina lenye tarehe, na jumla ya akiba iandikwe kwenye daftari. Baada ya kuendesha, linganisheni. Wakati daftari na kioo havipatani, daftari lenye sahihi za wanachama ndilo linaloaminiwa mpaka kosa lipatikane.

Makro hizi haziendi kwenye Excel ya simu. LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, ina makro, lakini lugha yake si ile ile kabisa. Na makro iliyoletwa na mtu msiyemjua msiifungue. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kikiwa makro ndani ya barua, na tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Kijana wa saiba akiwaambia bonyeza tu uruhusu, mwulizeni kwanza iliandikwa na nani.

Jambo lingine ni flashi. Orodha yenye vitambulisho na simu za watu ni mali yao, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawalinda. Msiiache kwenye kompyuta ya saiba. Na anayejua makro asiwe mmoja tu katika kikundi. Mkimtegemea kijana mmoja, siku akipata kazi Nairobi hesabu zenu zimeondoka naye.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano

1. Mwanachama wa 31 akijiunga, atakuwa mstari wa 32. Makro yetu itamfanyia nini? Mbadilishe namba gani?

2. Kisanduku cha simu kikiwa tupu, safu ya H itaonyesha nini? Jaribuni kwenye nakala, si kwenye faili lenyewe.

3. Chukueni daftari la mwezi uliopita. Ni mara ngapi mmeandika /= au Sh pamoja na namba? Nani atazisafisha, na nani atakaa kando yake akihakikisha?

4. Katika kikundi chenu, ni wangapi wenye majina yanayofanana mawili au zaidi? Mnawatofautisha vipi siku ya kugawana?