Ubao wa Umeme kwa Pasi ya Nguo

Sisi wa klabu ya sayansi tumetengeneza kengele ya tangi la maji la bweni. Maji yakijaa hulia, ili pampu izimwe na maji yasimwagike usiku kucha. Ndani yake mna transista moja, rezista mbili na king'ora kidogo. Zamani vitu hivyo tuliviunga kwa nyaya zilizosokotwa, nazo zililegea kila mara. Sasa twatumia ubao wenye njia za shaba, na ubao huo twautengeneza wenyewe.

Siri yote imo katika wino. Wino wa printa ya leza, au wa mashine ya fotokopi, si majimaji, bali ni unga wa plastiki wenye rangi. Kwa hiyo huyeyuka kwa joto, hushikamana na shaba, wala hauliwi na dawa. Wino wa maji wa printa nyingine haufai, hata upige pasi mpaka magharibi.

Mchoro hupigwa chapa juu ya karatasi laini ya jarida, umegeuzwa kama uonekanavyo katika kioo. Tabaka la shaba la ubao kwa kawaida lina unene wa mikromita 35 tu. Lisugue kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria mpaka ling'ae, wala usiliguse tena, maana mafuta ya kidole huzuia wino kushika. Ilaze karatasi kifudifudi, uikandamize kwa pasi kavu yenye moto sana kwa dakika 4 au 5 bila kuiburuta, mistari isije ikatanuka. (Pasi hiyo isirudi tena kwenye mashati meupe!) Ubao ukipoa, uloweke majini, kisha uifikiche karatasi polepole kwa kidole gumba. Mstari uliokatika huungwa kwa kalamu ya wino usiofutika.

Dawa yenyewe ni kloridi ya feri. Unga wake hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, kwani hutoa joto, na chombo kiwe cha plastiki, kamwe si cha bati. Shaba iliyo wazi huyeyuka kwa muda wa nusu saa hivi, ila iliyofunikwa na wino hubaki. Kisha asetoni huondoa wino, matundu hutobolewa kwa keekee ya milimita 1, na vifaa hulehemiwa.

Wazazi wengine wameuliza juu ya hatari. Twavaa glavu na miwani, na madirisha huwa wazi. Dawa iliyokwisha tumika ina shaba, nayo ni sumu kwa samaki, tena hula mabomba ya chuma, kwa hiyo hatuimwagi katika sinki. Twaiweka ndani ya chupa ya plastiki yenye maandishi, katika kabati la maabara, na ufunguo anao mwalimu wa kemia.